Maneno marefu ya Kiingereza: Hesabu silabi kutoka nyuma

Hebu andika ubaoni neno la Kiingereza 'photograph', kisha ulitamke. Shadda iko mwanzoni: PHOtograph. Ongeza herufi moja tu mwishoni upate 'photography', na tayari shadda imeruka: phoTOgraphy. Geuza mwisho huo uwe 'photographic', nayo inaruka tena: photoGRAphic. (Katika makala haya silabi yenye shadda nitaiandika kwa herufi kubwa, alama za wanafonetiki tuwaachie wenyewe.) Mzizi ni ule ule na maana ni za ukoo mmoja, lakini ile 'o' ya kwanza inayosikika wazi katika neno la kwanza inafifia katika la pili hadi unajiuliza kama kweli ipo.

Mtoto wa Kenya anayekutana na maneno haya darasani anatoka katika lugha ambayo haijawahi kumsumbua hivyo. Kiswahili kina kanuni moja: shadda hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. SOma, soMEni, someSHAna. Unaongeza silabi, shadda inasogea nayo, na hakuna mtu anayefikiri. Wakiukaji wa kanuni hii ni wachache na tunawajua kwa majina: baRAbara yenye maana ya 'sawasawa' dhidi ya baraBAra inayopita magari, waLAkini ya 'lakini' dhidi ya walaKIni ya 'kasoro'. Sasa mtoto huyu anasimama katika kipindi cha Kiingereza, anasoma 'pencil' akiweka uzito nyuma, na darasa zima linaangua kicheko. Ameshrabu, kama wasemavyo vijana. Nimeketi katika madarasa ya aina hiyo, kwanza upande wa madawati na baadaye upande wa ubao, na sikumbuki hata siku moja ambapo aliyechekwa alielezwa kwa nini shadda ilitakiwa kuwa pale. Aliambiwa tu, "Rudia."

Sababu ipo, nayo ni ya kihistoria. Ukiifuata utakuta kwamba Mswahili ana ujuzi ambao ungemsaidia sana katika maneno marefu ya Kiingereza, ila hakuna anayemwambia autumie.

Kiingereza cha kale, kile kilichosemwa kabla ya mwaka 1066, kilikuwa na kanuni nyepesi kama yetu, ila imepinduliwa kichwa chini miguu juu. Shadda ilikaa mbele, kwenye silabi ya kwanza ya mzizi. Ndio mtindo wa lugha za ukoo wa Kijerumani. Maneno ya nyumbani ya Kiingereza yanaishika kanuni hiyo hadi leo: FAther, WAter, HAPpy. Hata ukiyapachika viambishi mbele na nyuma, HAPpiness, unHAPpily, shadda haibanduki kwenye mzizi. Maneno haya hayamsumbui mtu sana, na mengi ni mafupi.

Mwaka huo wa 1066 Wanormandi walivuka bahari wakaiteka Uingereza. Kifaransa chao kikawa lugha ya makasri na mahakama, na kwa karne tatu hivi zilizofuata maneno yake yakamiminika ndani ya Kiingereza. Kifaransa huegemea mwisho wa neno, kwa hivyo wageni hawa waliingia wakiwa wamebeba mzigo nyuma. Mshairi Geoffrey Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, aliweza kuliandika neno 'nature' na kutegemea msomaji alitamke naTURE, na 'virtue' virTUE. Tunajuaje? Mizani. Wapenzi wa ushairi wetu wa arudhi watanielewa haraka: ubeti wenye mizani iliyopimwa hauwezi kuficha jinsi neno lilivyotamkwa, hata baada ya miaka mia sita. Kisha, kizazi baada ya kizazi, Waingereza wakayavuta maneno hayo mbele, yakawa NAture na VIRtue. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni akikaa sana hupewa jembe, na jembe la Kiingereza lilikuwa kubeba mzigo mbele.

Sisi nasi tumefanya vivyo hivyo, tena kwa lugha yao. Waingereza husema OFfice, sisi tukasema oFIsi. Wao PENcil, sisi penSEli. Wao TIcket, sisi tiKEti. Wao BLANket, sisi blanKEti. Wao HOSpital, sisi hospiTAli. Tuliongeza irabu mwishoni kwa sababu silabi zetu hupenda kuishia kwa irabu, kisha shadda ikaenda ilikozoea, ya pili kutoka nyuma. Hakuna mwalimu wa Kiswahili anayesema kwamba 'ofisi' ni makosa. Ni neno letu sasa.

Kuna kundi dogo linalonifurahisha hapa. Maneno ya Kifaransa yaliyofika Uingereza kwa kuchelewa hayajavutwa mbele, na mzigo wake bado uko nyuma: poLICE, maCHINE, hoTEL. Yalipofika kwetu tuliongeza irabu mwishoni kama kawaida, na silabi iliyokuwa ya mwisho ikawa ya pili kutoka mwisho. PoLIsi, maSHIne, hoTEli. Shadda haikusogea hata kidogo! Ndiyo maana hakuna mtoto wa Kenya anayechekwa kwa jinsi anavyoweka shadda katika 'hotel'. Anachekwa kwenye 'office'. Ujuzi wake ni ule ule katika maneno yote mawili. Kinachotofautiana ni tarehe ambayo neno lilivuka kutoka Ufaransa.

Lakini maneno marefu hasa, yale ya silabi nne, tano na sita yanayojaza vitabu vya sayansi na katiba, hayakuja na Wanormandi. Mengi yaliletwa na wasomi katika karne ya 16 na ya 17, walipokuwa wakitafsiri na kuandika elimu mpya kwa Kiingereza na kukopa bila haya kutoka Kilatini, na kupitia Kilatini kutoka Kigiriki. Kilatini nacho kilikuwa na kanuni ya shadda, na kanuni hiyo ilihesabu kutoka nyuma. Itazame silabi ya pili kutoka mwisho. Ikiwa ni nzito, yaani ina irabu ndefu au imefungwa kwa konsonanti, shadda inakaa hapo. Ikiwa ni nyepesi, shadda inarudi hatua moja zaidi, kwenye silabi ya tatu kutoka mwisho. Basi, kanuni nzima ndiyo hiyo.

Linganisha 'agenda' na 'camera', maneno mawili ya Kilatini ambayo nasi tunayo. Katika 'agenda' silabi ya pili kutoka mwisho imefungwa na 'n', kwa hivyo ni nzito: aGENda. Sisi husema aJEnda, pale pale. Katika 'camera' silabi ya kati ni nyepesi, na shadda inarudi nyuma: CAmera. Sisi husema kaMEra. Tofauti yetu na Kilatini ni kwamba sisi hatujali uzito wa silabi. Tukishafika ya pili kutoka mwisho tunaweka mzigo chini na kuketi. Mlatini alikuwa akiinua kwanza apime.

Wasomi waliokopa maneno hayo waliikopa na kanuni, wengine bila kujua. Mwaka 1968 Noam Chomsky na Morris Halle walichapisha kitabu kikubwa kuhusu mfumo wa sauti za Kiingereza, na walionyesha kwamba sehemu kubwa ya shadda ya lugha hiyo inaweza kuelezwa kwa kanuni inayofanana mno na hiyo ya Kilatini. Kitabu chenyewe ni kigumu kama jiwe la kiama, na wataalamu wameendelea kukibishania, lakini msingi huo ulisimama. Maneno ya nyumbani hushika mzizi, maneno marefu ya kukopwa huhesabu kutoka nyuma. Kiingereza ni nyumba yenye sheria mbili chini ya paa moja.

Kwa hivyo mwanafunzi akikabiliwa na neno refu, ushauri wangu ni kwamba asianze mbele. Aangalie mkia. Neno likiishia kwa '-ity', shadda iko kwenye silabi ya tatu kutoka mwisho: elecTRIcity, natioNAlity, possiBIlity. Likiishia kwa '-ic', kwa kawaida iko kwenye ya pili: eLECtric, photoGRAphic, ecoNOmic. Likiishia kwa '-tion', shadda iko kwenye silabi inayoutangulia mwisho huo: eduCAtion, constiTUtion. Wapo waasi kama POlitics, lakini jeshi kubwa linatii. Mtoto aliyekua akisema soMEni na someSHAna amekuwa akihesabu silabi kutoka nyuma tangu alipojifunza kusema. Anachohitaji kuongezewa ni kujua lini arudi hatua moja zaidi.

Hiyo '-tion' ina historia yake. Zamani ilikuwa silabi mbili, 'ti-on', na Shakespeare anapohitaji mizani moja zaidi bado anaitumia hivyo. Neno kama 'salvation' lilikuwa na silabi nne, sal-VA-ti-on, na shadda ilikuwa ya tatu kutoka mwisho. Baadaye silabi mbili za mwisho zikamezana zikawa moja, shadda ikabaki palepale ilipokuwa, na kwa kubaki hivyo ikajikuta imekuwa ya pili kutoka mwisho. Ndipo ikafanana na yetu, kwa sadfa tupu.

Sasa mtu asidhani kwamba Waingereza wenyewe walikuwa wametulia. Mwaka 1570 Peter Levins alichapisha kamusi iliyopanga maneno kwa miisho yake, kitu cha kuwafaa watunzi wa vina, naye akatia alama za shadda. Mtafiti Donald Sherman aliipitia kamusi hiyo na nyingine zilizofuata akitafuta maneno ambayo yakiwa nomino huwa na shadda mbele na yakiwa vitenzi huwa nayo nyuma, kama vile REcord na reCORD. Katika kamusi ya Levins alipata matatu tu: 'outlaw', 'rebel' na 'record'. Kufikia 1660 yalikuwa 24. Kufikia 1934 yalikuwa 150. Hakuna baraza lililoketi likapitisha azimio. Watu walisikia tofauti katika maneno matatu, wakaipenda, wakaisambaza. Tunayofundisha leo kama sheria yalianza kama mazoea ya wachache.

Karne ya 18 ndipo wakaja watu wa kuhukumu. Samuel Johnson alitia alama ya shadda katika kamusi yake ya mwaka 1755, lakini hakwenda mbali zaidi ya hapo. Mwaka 1780 Thomas Sheridan, mzaliwa wa Ayalandi aliyewahi kuwa mwigizaji wa jukwaani, alitoa kamusi iliyoonyesha matamshi ya kila neno. Johnson, kwa masimulizi ya rafiki yake Boswell, alikuwa ameshauliza miaka kadhaa kabla: mtu wa Ayalandi ana haki gani ya kuwaamulia Waingereza matamshi yao? Mwaka 1791 akafuata John Walker, naye mwigizaji wa zamani, na kamusi yake ikachapwa tena na tena katika karne yote ya 19. Ndani yake aliweka kanuni za kuwasaidia watu wa Uskoti, Ayalandi, na hata wa London kwenyewe, waepuke kasoro za matamshi ya kwao. Kwa maneno mengine, aliwafundisha wasishrabu. Kicheko cha darasa letu kina babu, na babu huyo hakuanzia kwa Mwafrika.

Na usahihi wenyewe? Huyo Walker aliagiza 'balcony' isemwe balCOny, kama Kiitaliano ilikotoka, na hivyo ndivyo walivyosema waungwana wa wakati wake. Baadaye vijana wakaanza kusema BALcony. Mshairi mzee Samuel Rogers alilalamika kwamba matamshi hayo mapya yalimtia kichefuchefu. Leo atakayesema balCOny ndiye atakayechekwa. Hata sasa hawajakubaliana kuhusu CONtroversy na conTROversy, wala kuhusu KIlometre na kiLOmetre, na mtangazaji wa London hawezi kutaja lolote kati ya hayo redioni bila kuandikiwa barua na mtu aliyekasirika. Ninapomsikia mtangazaji wetu akisema mainTEnance kwa kufuata kitenzi 'maintain', najua kwamba kamusi inasema MAINtenance, na najua pia kwamba anachofanya ni kile kile kilichowaleta Waingereza hapa walipo. Mwanafunzi nitamsahihisha, kwa sababu mtihani unataka hivyo. Kumcheka sitamcheka.

Hadi hapa nimezungumza kana kwamba silabi zenyewe zimekwisha kukatwa na kinachobaki ni kuweka mzigo. Kwa Kiswahili ni kweli. Ba-ra-ba-ra, so-me-sha-na, hata 'm' ya m-tu, inayojibebea shadda yenyewe peke yake, haina ubishi. Tunakwama kidogo tu kwenye silabi funge za mkopo kama mak-ta-ba na lab-da. Kwa Kiingereza ni vita vingine.

Kwa miaka mingi watoto wa Uingereza na wa makoloni yake ya Amerika walijifunza kusoma kwa kitabu cha Thomas Dilworth kilichotoka London mwaka 1740. Kilianza kama vinavyoanza vitabu vyetu vya chekechea, ba be bi bo bu, kisha kikapanda ngazi hadi kwenye maneno marefu yaliyokatwakatwa. Dilworth alikata kwa kufuata desturi ya Kilatini: konsonanti iliyo kati ya irabu mbili huenda na irabu ya pili. Kwa hivyo 'habit' ikawa ha-bit, na 'cluster' ikawa clu-ster. Mswahili angekata hivyo hivyo, na angeona ajabu gani kuna tatizo.

Tatizo ni kwamba kwa Kiingereza silabi yenye shadda ikiachwa wazi humshawishi msomaji airefushe irabu yake. Mtoto anayeona ha-bit ana kila sababu ya kusema 'hei-bit'. Mwaka 1783, mwaka ambao Uingereza ilitia saini kuitambua Marekani huru, mwalimu kijana wa miaka 25 hivi aitwaye Noah Webster alichapisha kitabu cha tahajia katika mji wa Hartford, Connecticut, na katika utangulizi akamvamia Dilworth kwa mifano hiyo. Sikiliza kwanza, alidai, ndipo ukate. Shadda ikiwa juu ya irabu fupi, konsonanti inayofuata ibaki nayo: hab-it, clus-ter, bish-op. Na '-tion' aliihesabu silabi moja, maana hakuna aliyekuwa akiisema kwa mbili tena. Kitabu chake kiliuzwa kwa mamilioni ya nakala na kufundisha vizazi vya Wamarekani kusoma.

Waingereza hawakumfuata kikamilifu. Wao waliendelea kujali zaidi neno limeundwaje. Ndiyo sababu mchapishaji wa London, neno 'knowledge' likimfikia mwisho wa mstari, hulikata know-ledge, ilhali wa New York hulikata knowl-edge. Hapa Kenya vitabu vyetu vya shule vilirithi mkono wa London, nazo programu nyingi za kompyuta tunazochapia zimeundwa Marekani, kwa hivyo usishangae ukiziona kata zote mbili katika ukurasa mmoja.

Kompyuta zilipoanza kupanga kurasa, suala hili la zamani liliwarudia wahandisi. Mashine haina masikio. Itajuaje mahali pa kukata bila kusikia shadda? Mwaka 1983 Frank Liang, mwanafunzi wa Donald Knuth katika Chuo Kikuu cha Stanford, aliwasilisha tasnifu yenye jibu. Hakuifundisha mashine kanuni zozote za sarufi. Alichukua orodha ya maneno ya kamusi ndogo ya Webster, yakiwa yamekwisha kukatwa, akaifanya kompyuta ichuje humo ruwaza za herufi zinazoruhusu au kuzuia mkato. Zilipatikana ruwaza 4,447, na kwa hizo mashine iliweza kupata takriban asilimia 89 ya mikato ya kamusi bila kukosea kwa kiasi cha kutajika.

Hata hivyo kulibaki orodha fupi ya maneno 14 ambayo ilibidi yaandikwe moja moja, kila moja na amri yake. Manne kati ya hayo yaliwekewa amri ya kutokatwa kabisa: 'present' na 'project', pamoja na wingi wa kila moja. Yakiwa nomino, shadda iko mbele, nayo hukatwa pres-ent na proj-ect. Yakiwa vitenzi, shadda iko nyuma, nayo hukatwa pre-sent na pro-ject. Herufi ni zile zile, na mashine inayoona herufi peke yake haiwezi kujua ni lipi limekusudiwa, kwa hivyo wakaona heri neno lisukumwe lote mstari unaofuata. Barabara yetu haina shida hiyo. Iwe ya magari au ya sawasawa, ukifika ukingoni mwa ukurasa unaikata ba-ra-ba-ra, popote upendapo.